Ugonjwa wa akili si mpaka uokote makopo

Ukijitambulisha Dar es Salaam au Mwanza kwamba kwenu ni Dodoma, kabla hujaulizwa habari za Bunge au bei ya zabibu utaulizwa kama umetoroka Mirembe. Nimeulizwa hivyo tangu nikiwa sekondari na kila mara nimecheka, maana usipocheka ndiyo unazidi kushukiwa.

Mirembe ni hospitali. Ilianza mwaka 1927, enzi za Waingereza, na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, pamoja na Isanga wanakopelekwa watu wenye kesi za jinai ambao ni wagonjwa wa akili. Kwa karibu miaka 100, mgonjwa aliyezishinda nguvu za ndugu zake, awe wa Songea au wa Bukoba, amesafirishwa kuja huku kwetu, mara nyingi mikono ikiwa imefungwa kamba. Ndiyo picha iliyobaki vichwani mwa watu: aliyevua nguo, anayeokota makopo, anayezungumza na ukuta.

Picha hiyo imetuponza. Imetufanya tuamini kwamba binadamu wako makundi mawili tu, wazima na vichaa, na kwamba usipookota makopo basi huna lolote, acha kudeka. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu kwa mwaka 2019 lilikuta watu milioni 970 wanaishi na ugonjwa fulani wa akili, yaani mmoja katika kila watu wanane. Kati yao, milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi na milioni 280 walikuwa na sonona, yaani moyo mzito usioachia. Skizofrenia, ambayo ndiyo hasa tunayoiwaza tukisikia neno kichaa, ilikuwa na watu milioni 24. Walio wengi, basi, wanaamka, wanapanda daladala, wanafundisha darasani, wanauza nyanya soko la Majengo, na hakuna anayewashuku.

Wenyewe pia hawajishuku. Hapa ndipo penye ugumu, na nitakaa hapa kidogo.

Mtu wa kwetu haendi zahanati kusema ana huzuni. Anasema kichwa kinawaka moto. Moyo unaenda mbio. Mwili umekufa ganzi. Kuna vitu vinatembea kichwani kama sisimizi. Tumbo linajaa gesi, usingizi umekata, nguvu zimekwisha. Mganga wa zahanati anafanya alichofundishwa: anapima malaria, hakuna, anapima taifodi, pengine anaambiwa ipo kidogo, mkojo nao unaonekana una U.T.I. Mtu anarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Baada ya wiki tatu yuko foleni ileile, na safari hii anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Namfahamu mama mmoja aliyezunguka hivyo mwaka mzima, akauza mbuzi wawili kulipia vipimo, mpaka nesi mmoja mtu mzima alipoweka kalamu chini na kumwuliza: "Mama, nyumbani kukoje?" Akalia nusu saa.

Yule mama hakuwa anadanganya kuhusu mwili wake. Sonona na wasiwasi hukaa mwilini kwelikweli. Usingizi, chakula, maumivu na mapigo ya moyo vyote vinaendeshwa na ubongo uleule unaobeba mawazo. Nesi naye asingekosea kuagiza vipimo kwanza. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kusema ovyo, na matatizo ya tezi ya shingo au maambukizi kwenye ubongo yanaweza kuvaa sura ya ugonjwa wa akili. Kosa ni vipimo vyote kurudi safi halafu hakuna anayeuliza swali linalofuata.

Tuanze na sonona, maana ndiyo inayochanganywa zaidi na maisha ya kawaida. Kila mtu ana mawazo. Mvua za Dodoma zina msimu mmoja, na ukisimama mwezi Januari mtama ukakauka ukiwa wa kufika gotini, hakuna mkulima atakayelala vizuri. Mawazo hayo yana mguu na kichwa: mvua ikirudi, yanapungua. Msiba nao una mwenendo wake. Unaliza, unaachia, unakamata tena, na katikati ya matanga mtu anaweza kucheka akikumbuka vituko vya marehemu. Sonona haiachii. Wataalamu wanaangalia walau wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, za moyo mzito au kukosa hamu hata ya vitu alivyokuwa akivipenda mtu, pamoja na dalili nyingine: usingizi kukata au kuzidi, chakula kukataa, uchovu usioisha, kushindwa kutuliza akili, kujiona hufai, na kuwaza kifo.

Dalili ya kukosa hamu ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu nje inaonekana kama uvivu. Mchukulie mkulima wa zabibu wa Hombolo. Mavuno yameisha, wenzake wanapogoa ili mzabibu uchipue tena, yeye anakaa kibarazani na mkasi wa kupogolea uko miguuni. Hajasahau kazi wala hajaichukia. Anauangalia mkasi kama kitu cha mtu mwingine. Mkewe anagomba, jirani anasema karogwa, shemeji anasema kazidisha pombe. Na pombe kweli ipo, maana ndiyo dawa ya usingizi iliyo karibu, ila hiyo dawa inaharibu usingizi uleule aliouendea na kesho yake moyo unakuwa mzito zaidi.

Kliniki nyingi hutumia dodoso la maswali tisa kupima uzito wa sonona, na lipo kwa Kiswahili. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ikifika 27. Kuanzia 10 mtaalamu anakaa nawe kuchunguza zaidi. Swali la tisa linauliza kama katika wiki mbili zilizopita umefikiri kwamba ni afadhali ungekuwa umekufa, au kujidhuru. Watu wanaogopa swali hilo wakidhani litampandikizia mtu wazo. Halipandikizi. Mwenye wazo hilo mara nyingi amelibeba peke yake kwa muda mrefu na kuulizwa kunampunguzia mzigo. Kwetu kuna kikwazo kingine: Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia inamficha mgonjwa kama inavyomficha mhalifu. Mimi naona sheria hiyo haijamwokoa mtu.

Wasiwasi ni ndugu wa sonona, na mara nyingi wanatembea pamoja. Kuna wasiwasi wa jumla, unaomfanya mtu aogope kila kitu kwa miezi sita na zaidi: ada, afya ya mtoto, ujumbe wa bosi, mlango kama umefungwa. Na kuna ule unaokuja kwa kishindo. Nitauonyesha huu wa pili kwa karibu, kwa sababu ukielewa jinsi unavyoendeshwa utaelewa na jinsi tiba ya kuongea inavyofanya kazi.

Tuseme kuna karani wa wizara moja. Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, ofisi yao ikahama, mke na watoto wakabaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule. Amepanga chumba na sebule Ilazo. Jioni hana wa kumsalimia isipokuwa muuza chipsi. Asubuhi moja yuko kwenye daladala kuelekea Mji wa Serikali, Mtumba, amebanwa siti ya nyuma, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi na baridi ya Julai. Moyo unaruka. Jasho. Midomo inakufa ganzi, vidole vinawashawasha, kifua kinabana, anahisi kabisa kwamba anakufa pale pale Nzuguni. Anashuka akiyumba. Hospitali wanampima moyo, wanamwambia ni mzima kama chuma. Badala ya kufurahi anaogopa zaidi, maana sasa ana ugonjwa usioonekana hata kwenye mashine.

Kilichotokea ni hiki. Moyo ulidunda, labda kwa joto, labda kwa kukosa usingizi. Akili ikausoma mdundo huo kama dalili ya kifo. Mwili ukiambiwa kuna kifo haubishani, unamwaga adrenalini, ileile ambayo ingemsaidia babu yake kumkimbia fisi. Adrenalini ikaongeza mdundo, na mdundo ukaithibitishia akili kwamba kweli hali ni mbaya. Akaanza kuhema harakaharaka, hewa ya kaboni dayoksaidi ikapungua kwenye damu, na ndiyo maana midomo na vidole vikafa ganzi. Ganzi nayo ikasomwa kama kiharusi. Gurudumu likazunguka hadi kileleni, kwa kawaida ndani ya dakika kama kumi, kisha likashuka lenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kukaa kileleni muda mrefu.

Ila yeye hajui kwamba lingeshuka lenyewe. Anaamini kaokolewa na kushuka. Kesho anachukua bodaboda. Mwezi unaofuata anaacha hata kupanda lifti, kisha anaacha foleni za benki, kisha ibada ya Jumapili, kwa sababu huko nako watu wanabanana. Kila anachokikwepa kinampa nafuu ya saa moja na kumwongezea woga wa mwaka.

Sasa ukimwambia karani huyu "mtegemee Mungu, acha mawazo", umemwambia jambo jema lisilogusa gurudumu. Tiba ya fikra na matendo, ambayo daktari wa Marekani Aaron Beck aliijengea msingi katika miaka ya 1960, inaingiza fimbo katikati ya tairi. Mtaalamu kwanza anamchorea mzunguko wake mwenyewe kwenye karatasi. Kisha anaweza kumwambia wasimame wapande ngazi mbiombio, hapo hapo kliniki, mpaka moyo ugonge kama ngoma ya Wagogo. "Unajisikiaje?" Kama kwenye daladala. "Umekufa?" Hapana. Wanakaa chini, wanausikiliza moyo ukitulia wenyewe bila kushuka popote. Wiki inayofuata ana kazi ya nyumbani: aende stendi ya Sabasaba, akae ndani ya daladala iliyosimama, ashuke woga ukipungua na si kabla. Halafu kituo kimoja. Halafu mpaka Ihumwa. Mwisho siti ya nyuma, madirisha yamefungwa, mpaka Mtumba.

Kwa mkulima wa zabibu njia inabadilika. Sonona inamwambia asubiri hamu irudi ndipo afanye kazi. Mtaalamu anageuza: kazi kidogo kwanza, hamu itafuata nyuma. Si shamba zima, ni mistari miwili, asubuhi, na aandike alijisikiaje kabla na baada. Atakuta kabla aliandika 2 na baada akaandika 3. Alama moja tu, lakini ni yake, na hakuipata kibarazani. Wazo la "mimi ni mzigo kwenye nyumba hii" nalo linapandishwa kizimbani: ushahidi uko wapi, nani alisema, na shahidi wa upande wa pili anasemaje?

Nimezidi kulisisitiza neno kazi kwa makusudi. Sisi neno ushauri nasaha tulilizoea wakati wa UKIMWI, ushauri nasaha na kupima kwa hiari, na tukabaki tukidhani ni mahali unapokalishwa ukaambiwa la kufanya. Mwenyewe nilipopatwa na usingizi wa saa mbili kwa miezi kadhaa, wa kwanza niliyekwenda kumwona alinisomea mistari ya maandiko, akanieleza jinsi watoto wa siku hizi wasivyovumilia shida, kisha akataka kujua kama nimeoa. Nililipa, nikaondoka na mawazo mengine mapya. Tiba ya kweli inatambulika mapema. Mtaalamu anasikiliza zaidi ya anavyosema. Mnakubaliana tatizo ni lipi na mtajuaje kama linapungua. Inakuwa na idadi ya vikao, mara nyingi kati ya sita na kumi na mbili au zaidi kidogo, kila kimoja kama dakika 50. Siri inabaki humo ndani, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, na hilo anakwambia siku ya kwanza. Asiyekufaa unamwacha, unatafuta mwingine, kama unavyomwacha fundi nguo.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya Wazungu. Zimbabwe, daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani, wanawake wa makamo wenye elimu ya kawaida, kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati za Harare na kutatua tatizo moja baada ya jingine. Wao hawasemi sonona, wanasema kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, mtoto wa tumbo moja na "mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Karibu zaidi, kusini mwa Uganda, vijiji 30 vilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2003: watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa wiki mbili tu. Walizungumza kuhusu msiba, ugomvi, kuhama, upweke. Sonona ilishuka sana. Wanawake wetu wa vikoba tayari wanajua kukaa duara kila wiki. Sijui tunangoja nini.

Magonjwa mengine niyapitie haraka. Anayeota ajali ya basi ileile zaidi ya mwezi, anayeruka akisikia breki, ana jeraha la kiwewe, na lina tiba yake ya kuongea. Mama anayejifungua akashindwa kumpenda mtoto si mchawi wala mlegevu. Huenda ana sonona ya uzazi, na isichanganywe na kifafa cha mimba, ambacho ni hatari ya presha na kinatakiwa hospitali saa hiyohiyo. Kifafa chenyewe ni ugonjwa wa ubongo; kwetu hutibiwa kliniki ya akili na ndiyo maana watu wanakihesabu huko, lakini mwenye kifafa hana kichaa, na hakiambukizi kwa mate. Skizofrenia huanza mara nyingi ujanani, ikaleta sauti na dhana ambazo wengine hawazioni. Bipola humpandisha mtu siku nyingi: halali usingizi, hachoki, anagawa pesa, kisha inamshusha shimoni. Kwa haya mawili dawa ndiyo nguzo, na kuongea kunasaidia mgonjwa na familia kuishi na dawa hizo bila kuzikatiza.

Dawa za sonona nazo zisisingiziwe. Haziwi na nguvu siku ya pili; zinahitaji wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, na wengi huziacha wiki ya kwanza midomo ikikauka. Haziwezi kukufanya teja. Vidonge vya diazepam ambavyo watu wananunua duka la dawa ili walale ndivyo vyenye mtego huo, na hakuna anayeviogopa.

Kuhusu kurogwa sitabishana na mtu. Anayetaka kuombewa aombewe. Kanisa na msikiti vimewashika mkono wengi ambao ndugu walishawaachia. Ninachogombana nacho ni mgonjwa kufungwa mnyororo kambini miezi mitatu, au kuambiwa aache vidonge ili imani ionekane. Vidonge na sala havijawahi kugombea kiti kimoja.

Kwa mtu wa Dodoma mjini, safari si ndefu. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina huduma ya afya ya akili, na Mirembe inapokea wagonjwa wa nje wanaokuja kwa miguu yao na kurudi kazini mchana. Wa Bahi, Kongwa au Mpwapwa aanzie hospitali ya wilaya. Wauguzi wa akili wamesambaa kuliko madaktari bingwa. Ukifika usianze na maumivu ya kichwa. Sema hivi: silali tangu lini, nimeacha kufanya nini, nakunywa kiasi gani. Kwa mtoto mwenye shida, namba 116 ni ya bure.

Mimi baada ya yule wa mistari nilikwenda Mirembe. Dereva wa bodaboda akaniuliza, "Kaka, unaenda kumwona mgonjwa?" Nikasema ndiyo. Safari ya pili ilikuwa ileile, swali lilelile, jibu lilelile. Ya tatu nikamwambia naenda kliniki mwenyewe, sipati usingizi. Hakucheka. Alinyamaza njia nzima, tulipofika getini akazima pikipiki, akahesabu chenji taratibu kuliko ilivyohitajika, kisha akauliza dirisha la kuandikishia liko upande gani na wanaanza kupokea saa ngapi.